Tulilipa kampuni ituhesabie moshi wa bolti zetu kwa ajili ya kodi ya kaboni ya Ulaya: maoni yangu baada ya mwaka na nusu

Nianze na nyota ili mwenye haraka aende zake: tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo tatu ni ya dada mmoja tu aliyekuwa anapokea simu zetu, bila yeye ningeweka mbili na nisingejisikia vibaya. Jina la kampuni silitaji. Nimeongea na wenzangu wa viwanda vingine wanaotumia kampuni zingine na hadithi inafanana mno, kwa hiyo nahisi shida ni namna hii huduma inavyouzwa kuliko nani anaiuza.

Mimi niko upande wa mauzo ya nje kwenye kiwanda cha bolti na nati. Tunanunua waya wa chuma wa koili, tunauvuta, tunaukata, tunagonga vichwa, tunatia meno, tunazipika tanuruni ziwe ngumu, tunapaka zinki, maboksi, kontena, kwaheri. Sehemu kubwa inaenda Ulaya. Na kwa miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza bolti moja imetoa moshi kiasi gani, waliuliza ugumu, waliuliza kutu, waliuliza bei mara kumi kumi, basi.

Sasa katikati ya 2024 ikaja imeili kutoka kwa mnunuzi wetu mkubwa, ndefu, ina kiambatisho cha eksel chenye kurasa ambazo hata sikuzimaliza kuzihesabu, inasema tafadhali jazeni hii, tukikosa takwimu zenu halisi tutafikiria upya oda za robo inayofuata. Hiyo "tutafikiria upya" ndiyo ilimfanya bosi aniite ofisini na mlango ufungwe.

Kwa ambaye hajakutana nayo: hii kitu inaitwa CBAM, sisi ofisini tunasema tu sibamu, ni sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/956 ya Mei 2023. Wazo lake siyo gumu. Viwanda vya Ulaya tangu 2005 vina soko la vibali vya hewa ukaa, ukitoa tani moja unatakiwa uwe na kibali cha tani moja, na kibali kina bei. Wakaona kama wao wanabana viwanda vyao halafu chuma cha nje kinaingia bila kulipia moshi, basi viwanda vitahama tu na moshi utatoka sehemu nyingine, hewa ni ile ile. Ndiyo wakaweka mlinzi mpakani. Wameanza na saruji, chuma, alumini, mbolea, haidrojeni na umeme. Kuanzia Oktoba 2023 hadi mwisho wa 2025 ilikuwa kuripoti tu bila kulipa, na kuanzia Januari 2026 hesabu imekuwa ya hela.

Kwa nini imeili ilikuja katikati ya 2024 na siyo mapema? Kwa sababu mwanzoni muagizaji aliruhusiwa kutumia namba za jumla zilizotolewa na Tume ya Ulaya, yani hujui moshi halisi wa kiwanda unachukua namba ya kwenye jedwali unaandika. Ruhusa hiyo ikaisha tarehe 31 Julai 2024. Baada ya hapo namba za kukadiria zilibaki kwa kipande kidogo tu, mwisho asilimia 20 ya moshi wote wa bidhaa kama bidhaa imetengenezwa kwa malighafi iliyokwisha kubeba moshi wake huko nyuma. Kumbukeni hiyo 20, itarudi.

Basi tukatafuta msaada. Mwongozo wa Tume kwa wenye viwanda nje ya Ulaya una kurasa zaidi ya 200, nilijaribu kuusoma usiku nikafika kwenye mipaka ya mfumo nikalala. Kampuni tuliyoipata ilikuwa na tovuti safi sana, majani mabichi kila mahali, na jamaa wa mauzo anaongea kama ana gari linamsubiri nje.

Kuhusu jamaa wa mauzo sasa. Huyu ndiyo nyota ya kwanza niliyoikata. Kikao cha kwanza alituambia kuanzia 2026 mtalipia kila tani ya moshi, bei kamili, akazidisha mbele yetu tani zetu zote mara euro 80 na kitu, namba iliyotoka hapo mkurugenzi wa fedha akavua miwani. Tukasaini wiki ile ile.

Kumbe kuna mambo matatu hakuyasema, na sidhani alikuwa hayajui.

La kwanza, anayelipa ni muagizaji kule Ulaya, yeye ndiye ana akaunti, yeye ananunua vyeti vya kulipia moshi, yeye anatangaza. Sisi tunachotoa ni namba. Ni kweli atakuja kutubana kwenye bei, hakuna mnunuzi mjinga, lakini kubanwa kwenye bei na kutumiwa bili ya kodi ni vitu viwili tofauti, na maongezi ya kujadiliana ni tofauti kabisa.

La pili, kodi haiji yote kwa mkupuo. Viwanda vya Ulaya vyenyewe bado vinapewa sehemu ya vibali bure, na kadri vile vya bure vinavyopunguzwa ndiyo kodi ya mpakani inavyopanda: 2026 ni asilimia 2.5 tu, 2027 asilimia 5, 2028 asilimia 10, halafu inachukua mbio, 2030 asilimia 48.5, na 2034 ndiyo mia kwa mia. Ila hapa pana mtego na ndiyo sehemu ambayo ningependa jamaa angetumia muda wake kutueleza badala ya kututisha: kile cha bure kinahesabiwa kwa kiwango chao cha kulinganishia, yani moshi kwa tani wanaouona ni wa kiwanda kizuri, kwa hiyo kama moshi wako uko juu ya kile kiwango, ile ziada inalipiwa kuanzia mwaka wa kwanza. Maana yake namba yako ikiandikwa kubwa kuliko ukweli unaumia mapema, ikiandikwa sawasawa unapumua miaka kadhaa. Yani thamani yote ya hii huduma iko kwenye usahihi wa namba moja, na hiyo ndiyo waliyokosea, naifikia.

La tatu ni hizi oda ndogo. Tulikuwa na wanunuzi watano, watatu wakubwa wawili wadogo. Mwaka 2025 Ulaya wakarekebisha sheria, muagizaji anayeingiza chini ya tani 50 kwa mwaka za hizo bidhaa (haidrojeni na umeme havihusiki na hii nafuu) hasumbuliwi tena. Wenyewe wanasema asilimia kama 90 ya waagizaji wametoka kwenye mzigo na bado asilimia 99 ya moshi unabaki ndani, ambayo inakuonyesha moshi mwingi uko kwa wachache. Wale wanunuzi wetu wawili wadogo wakatoka. Kampuni yetu ya huduma ikaendelea kututoza ripoti zao miezi mitatu mizima mpaka nilipouliza mimi, wakasema aah mfumo unajitengeneza wenyewe. Hela ilirudishwa, nakubali, lakini kwa nini nijue mimi kabla ya mtaalamu ninayemlipa?

Na kuna hii ya misumari jamani. Sisi pia tunatengeneza misumari ya mbao, kidogo. Bili ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu: bolti, nati, misumari. Bolti na nati ziko kwenye namba ya forodha 7318 na hiyo imo kwenye orodha ya CBAM wazi kabisa. Misumari iko 7317. Haimo kwenye ile orodha ya 2023. Wakala wetu wa forodha, mzee ambaye hana tovuti wala majani mabichi, alitazama karatasi sekunde kumi akasema hii ya tatu mnalipia ya nini. Ningekushauri kabla ya kusaini na mtu yeyote kaa na wakala wako wa forodha na orodha ya namba zako, kikombe kimoja cha chai kinatosha.

Sasa kazi yenyewe. Nyota ya pili naikata hapa na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo penyewe.

Walitutumia fomu, tukajaza: dizeli ya tanuru, umeme, tani za waya zilizoingia, tani za bolti zilizotoka. Hakuna aliyekuja kiwandani. Mita walitaka picha, mzee wa stoo akapiga kwa simu yake, moja ilikuwa na kidole gumba juu ya tarakimu mbili za mwisho na hakuna aliyeuliza. Baada ya wiki nne ripoti ikaja, nzuri, ina grafu ya mviringo, inasema tani moja ya bolti zetu imebeba tani 2.6 za hewa ukaa. Tarakimu imekaa pale kwa kujiamini kabisa. Tukamtumia mnunuzi. Siku tisa baadaye mnunuzi akairudisha.

Mtu wao wa sheria alikuwa na adabu ila maneno yalikuwa mafupi: kipande kikubwa cha namba yenu ni makadirio, haturuhusiwi kuipeleka hivi.

Nikafungua eksel mwenyewe sasa, kwa mara ya kwanza kwa makini, nikaenda kwenye karatasi ya malighafi za kununua. Waya wetu wa koili, ambao ndiyo karibu moshi wote, ulikuwa umejazwa namba ya jumla. Ya jedwalini. Yani kampuni ilipima kwa ustadi dizeli ya tanuru letu, ikachora grafu, halafu kwenye kitu kinachobeba zaidi ya asilimia 90 ya hesabu ikaweka makisio, wakati mwisho wa makisio ulikuwa ile asilimia 20 niliyowaambia mkumbuke.

Ngoja niwaonyeshe kwa nini ni muhimu kwa hesabu ya haraka haraka tu. Tanuru letu linakula kama lita 60 za dizeli kwa tani ya bolti. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo ni kilo 160 na kidogo. Hiyo ndiyo dhambi yetu sisi wenyewe, tani 0.16. Umeme upo lakini kwa chuma, kwenye kodi hii, moshi wa umeme hautozwi kwa sasa, ulikuwa wa kuripoti tu (saruji na mbolea wao unahesabiwa). Vilivyobaki vyote ni waya. Kwa tani moja ya bolti tunatumia tani 1.08 za waya kwa sababu kuna mabaki. Na waya hauko wa aina moja! Chuma kilichotoka kwenye tanuru la makaa, la kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya mawe, wastani wake duniani ni kama tani 2.3 za hewa ukaa kwa kila tani ya chuma. Chuma kilichoyeyushwa kutoka skrepu kwenye tanuru la umeme ni kama 0.7. Hiyo ni zaidi ya mara tatu, na bolti zikiwa mezani huwezi kuzitofautisha hata uzilambe.

Na sisi tulikuwa tunanunua kutoka viwanda viwili. Kimoja cha makaa, kimoja cha skrepu. Nusu kwa nusu hivi. Kampuni haikuuliza swali hilo hata mara moja, kwenye fomu yao kulikuwa na nafasi moja tu ya "muuzaji wa malighafi".

Nikamfuata mzee wa stoo, akanitolea faili la vyeti vinavyokuja na kila koili, kila kimoja kina namba ya myeyusho, yani chungu kimoja cha chuma kilichoyeyushwa pamoja, na kwa kiwanda kimoja imeandikwa hadi aina ya tanuru. Vimekaa pale miaka, tunavitumia kwa ugumu tu. Nikamwandikia mtu wa mauzo wa kile kiwanda cha skrepu nikamwambia naomba moshi wa koili zenu kwa mtindo huu wa eksel ya Ulaya. Siku kumi na moja. Akaleta, imejazwa, kumbe wameshaombwa na wateja wengine ishirini na walikuwa wanasubiri tu mtu aulize. Kile cha makaa kilichukua miezi mitatu na kwa kusukumwa, ila nacho kikaleta.

Hesabu mpya: nusu ya 2.3 na nusu ya 0.7 ni 1.5, mara 1.08 ni 1.62, jumlisha 0.16 yetu, tani 1.78. Namba zetu halisi za viwanda zilikuwa tofauti kidogo na hizi za wastani lakini tuliishia hapo hapo, 1.8. Kutoka 2.6. Kwa bei ya kibali ambayo 2025 ilikuwa inapanda na kushuka kati ya euro 60 na 80 na kitu, tofauti ya tani 0.8 kwa kila tani ya bolti siyo kitu cha kuachia jedwali likusemee. Na kuanzia 2026 jedwali limeruhusiwa tena ila lina adhabu ndani yake, ukitumia namba za jumla kwa chuma unaongezewa asilimia 10 mwaka huo, 20 mwaka 2027, 30 kuanzia 2028, kusudi watu wachoke kukisia.

Nilipowapigia kampuni nikiwa na moto kichwani, ndipo nikakutana na yule dada. Hakujitetea. Alisema kaka samahani, hii tulitakiwa tuifanye sisi, nitumie vyeti vyote. Akakaa navyo, akatofautisha myeyusho kwa myeyusho, akagundua hata kosa langu la mwezi mmoja ambapo niliandika koili zilizorudishwa kama zimetumika. Akanieleza kwa nini moshi wa mabaki hauwezi kutupwa tu nje ya hesabu, akanieleza kwa simu, taratibu, bila yale maneno ya kwenye tovuti. Nilimuuliza kwa nini huyu wa mauzo hakusema, akacheka tu akasema mimi niko upande wa hesabu. Kampuni ingekuwa na wanne kama yeye na wauzaji nusu, ningetoa tano.

Kitu kingine kizuri, na hiki sikukitegemea. Ile karatasi yao ya kufuatilia mita kila zamu ni nzuri. Rahisi, safu tano, mtu wa zamu anajaza kwa kalamu. Wiki ya tatu ya kujaza tukaona dizeli ya Jumapili usiku ni kubwa sana na Jumapili usiku hatupiki kitu. Kumbe tanuru lilikuwa linaachwa linawaka "lisipoe" tangu Jumamosi, desturi ya miaka, hakuna aliyejua alianzisha nani. Tumeliacha lizimike, Jumatatu tunawasha mapema, masaa mawili kabla ya kazi. Hiyo dizeli tuliyookoa peke yake imelipa zaidi ya theluthi ya ada yao. Siyo kodi ya Ulaya iliyotuonyesha hilo, ni kalamu iliyofungwa kwa kamba pembeni ya mita, ila kalamu ilikuja kwa sababu ya kodi, sijui tumpe nani sifa.

Kitu ambacho huduma haigusi kabisa na wateja wengi wanafikiri inagusa: meli. Bosi aliuliza mapema kabisa, na ule moshi wa kontena kuvuka bahari uko kwenye hii namba? Haumo. CBAM inahesabu moshi wa kutengeneza, siyo wa kusafirisha. Meli zina njia yake, tangu Januari 2024 meli kubwa za tani jumla 5,000 kwenda juu zinazoingia au kutoka bandari za Ulaya zimeingizwa kwenye soko lile lile la vibali, safari inayotoka au kwenda nje ya Ulaya inahesabiwa nusu, na waliianza pole pole, asilimia 40 ya moshi wa 2024, 70 ya 2025, 100 ya 2026. Ndiyo maana kwenye bili ya usafiri kuna mstari mpya ambao zamani haukuwepo, angalieni. Kwa dunia nzima meli zinatoa karibu asilimia 3 ya moshi wote unaotoka kwa mikono ya binadamu, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa lilikadiria 2.89 kwa mwaka 2018, na mpango wao wa kuzitoza kila mahali, siyo Ulaya tu, ulitakiwa upitishwe Oktoba 2025, nchi zikavutana wakaahirisha mwaka mzima. Kwa hiyo bolti yangu inalipia tanuru, inalipia kidogo bahari ikielekea Ulaya, na ikielekea kwingine bahari ni bure.

Mwaka wa pili wakatuletea kifurushi kipya, na hiki kimenikaa vibaya mpaka leo. Bei juu, jina zuri, kazi yake ni "kupanga malighafi kwa soko". Ukikivua nguo ni hivi: koili zote za skrepu zitengwe kwa oda za Ulaya, koili za makaa ziende kwa wateja wa kwingine. Namba yetu ya Ulaya inashuka kutoka 1.8 hadi chini ya 1. Mnunuzi anafurahi, kodi inapungua, grafu inakuwa ya kijani.

Na moshi? Ule ule. Hakuna kilo moja iliyopungua. Kiwanda cha makaa kinaendelea kuwaka, kile cha skrepu kinaendelea, sisi tumebadilisha rafu kwenye stoo. Bosi alipoisikia alipenda papo hapo na siwezi kumlaumu, wauzaji wanasema ni halali na mimi sijaona kifungu kinachokataza, na jirani akifanya wewe usipofanya unapoteza oda. Nikamuuliza yule dada wa hesabu, akasema viwanda vikubwa vingi vinafanya hivyo sasa, wenye alumini wanapeleka Ulaya ile ya umeme wa maji na ile ya umeme wa makaa inaenda kwingine. Tani moja ya alumini inakula umeme kama megawati saa 14 au 15, kwa hiyo hapo kupanga rafu kuna faida kubwa zaidi, ingawa kwa sasa kodi ya alumini inatazama moshi wa moja kwa moja tu na siyo wa umeme, kwa hiyo ni wanunuzi wenyewe wanaosukuma.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaelewa wanaoilalamikia hii kodi ingawa siyo wote nakubaliana nao. India, China, Afrika Kusini wamesema kwa miaka kwamba huu ni ulinzi wa biashara umevaa nguo za mazingira, Urusi mwaka 2025 iliipeleka mpaka Shirika la Biashara Duniani. Nchi maskini kabisa hazikupewa msamaha, na Msumbiji ilitajwa sana kwenye tathmini kwa sababu ya alumini yake. Aliyechoma makaa miaka mia mbili anamwekea mita aliyeanza juzi, hiyo hoja ina uzito. Lakini pia nimekaa kwenye hii kazi miaka kumi na moja na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu moshi mpaka hii kodi ilipokuja, na China soko lake la vibali limeingiza chuma, saruji na alumini mwaka 2025, sidhani ni bahati tu. Ukilipa kodi ya kaboni nyumbani inakatwa kule mpakani, kwa hiyo serikali zenye akili zinaona heri hela ibaki kwao.

Hayo siyo ya kampuni, narudi.

Mambo madogo ya haraka. Imeili zinajibiwa ndani ya siku mbili, safi. Mfumo wao wa mtandaoni unakutoa nje kila dakika kumi na tano na ukirudi fomu imefutika, nimejifunza kuandika pembeni kwanza. Lugha ya ripoti ni nzito, mkurugenzi wa fedha husoma ukurasa wa kwanza tu. Hawakutuambia kwamba tangazo la mwaka la muagizaji kwa bidhaa za 2026 ni Septemba 30, 2027, na vile vyeti vya kulipia moshi vinaanza kuuzwa Februari 2027, tarehe hizo nimeziweka mimi ukutani. Na uhakiki: kuanzia 2026 namba halisi lazima ipitiwe na mhakiki aliyeidhinishwa ambaye atakuja kiwandani kwa miguu yake, siyo kupiga picha ya kidole gumba. Walijaribu kutuuzia uhakiki wao wenyewe, nikauliza inakuwaje anayeandika hesabu ndiye anayeisahihisha, wakasema watatuletea "kampuni rafiki". Tukatafuta yetu.

Kama una kiwanda kidogo na malighafi ya muuzaji mmoja, kwa maoni yangu usilipe mtu, mtumie muuzaji wako ile eksel, jaza dizeli yako, umemaliza robo tatu ya kazi. Kama una malighafi mchanganyiko, au unachovya zinki na kuna michakato inayogawana tanuru, hapo unahitaji mtu, ila muulize swali moja kwenye kikao cha kwanza kabla hajafungua grafu zake: waya wangu utaupataje. Akikujibu jedwali, aende.

Sisi mkataba tumeurefusha mwaka mmoja, bila misumari, bila wale wawili wadogo, na kwa sharti limeandikwa kwamba yule dada ndiye anashika faili letu. Kile kifurushi cha kupanga koili bosi bado hajasaini, kiko mezani kwake chini ya kikokotoo, na koili za skrepu wiki hii naona mzee wa stoo kaanza kuzisogeza peke yake upande wa mlango wa kontena.